Nilijisifu Kumshinda Bawabu, Mkuu Akanialika Nyumbani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimejitia kitanzini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni karani wa masjala, nagonga mihuri ya tarehe kwenye barua zinazoingia na kuzipanga kwenye majalada, nina miezi mitano kazini na mwezi ujao mkuu wangu ndiye ataandika kama nithibitishwe au niende zangu. Tatizo ni gemu. Ofisini karibu wote tunacheza gemu moja ya msichana anayemtafuta dada yake katika hoteli iliyotelekezwa, nami naipenda mno, lakini naicheza kwenye ngazi ya Hadithi, ambayo maadui wake hawana meno, kwa sababu ninachofuata ni ile mvua madirishani, redio inayoimba katika chumba kisicho na mtu na barua za dada mtu zilizofichwa chini ya magodoro, hata kuna siku nilikaa ukumbini saa nzima nikisikiliza lifti inavyokoroma. Juzi wakati wa chai tarishi akasema, "Anayecheza Hadithi si mchezaji, ni mtalii, apewe na kofia ya jua!" Watu wakaangua kicheko, nami kwa woga nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba nimemaliza ngazi Ngumu, na yule bawabu wa hoteli mwenye funguo, adui mgumu kuliko wote katika gemu, nilimwangusha mara ya kwanza. Kumbe mkuu yuko mlangoni na kikombe chake.

"Bwana mdogo," akasema, "huyo bawabu ameniua mara arobaini na moja. Jumamosi saa nne uje nyumbani unioneshe."

Mkewe naye atatazama. Nimejaribu ngazi Ngumu siku tatu mfululizo na sijavuka hata mapokezi. Je, nijifunge bendeji mkononi? Au niombe uhamisho?

Karani Mwoga

*

Mdogo wangu, bendeji iache kwenye sanduku lake. Ukiifunga Jumamosi, Jumatatu utagonga mihuri kwa mkono upi?

Kupenda mvua si kosa. Wapo wanaocheza ili watoke jasho, wapo wanaocheza ili wakae mahali. Mimi niko upande wa tarishi: hoteli itanitishaje ikiwa bawabu hawezi kunigusa? Lakini hayo ni mabishano ya chai, hayamfukuzishi mtu kazi. Kosa lako ni uongo, tena umesemwa na karani ambaye kazi yake yote ni kuandika tarehe ya kweli. Mkuu akikugundua mwenyewe, ataanza kujiuliza ni barua ngapi zilizochelewa ukazigongea tarehe ya jana.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hajaketi vizuri, gonga mlango, ingia, useme: "Mkuu, nilidanganya. Nilicheza Hadithi." Basi. Usimwandikie dokezo, nakujua, utalifungulia jalada. Usitetemeke kwa samahani kumi, moja inatosha. Anaweza kucheka, anaweza kununa hadi saa sita. Vumilia. Akiendelea kukualika, nenda, mwache apigane mwenyewe, nawe umwoneshe pa kusimama asikilize mvua.

Sidhani atakunyima kazi kwa kukiri. Ila akikuthibitisha akiwa bado anaamini ulimwangusha yule bawabu, itabidi umkwepe kila Jumamosi mpaka mmoja wenu astaafu.