Kata Itakapomfikia Tumsifu

Crescent Town,
Toronto, Kanada.
Jumapili, 21 Oktoba 2012

Mpendwa Shemeji Japhet,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Aneth na watoto. Mguu wa mama mkwe unaendeleaje? Tulipoongea alisema umepona, lakini yeye hata akiwa hawezi kusimama husema amepona, ndiyo maana nakuuliza wewe. Na migomba ilistahimili ule upepo? Sisi huku miili ni mizima. Baridi imeanza kubisha hodi na makoti ya watoto yameshatoka kabatini.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ni kwamba simu yako, shemeji, huwekwa sauti kubwa mpaka jirani anaitikia salamu. Hili nimetaka ulisome peke yako. Nilofar, ninayefanya naye kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, anakuja Moshi kuwaona wazazi wake, ndiye niliyempa aibebe.

Mdogo wako Tumsifu hajagusa pombe tangu kabla ya Pasaka. Amerudi kwenye kazi yake ya ufundi wa lifti, na jioni anawafundisha watoto hesabu. Yeye anauliza kwa Kiswahili, wao wanajibu kwa Kiingereza, na mambo yanakwenda. Amejaa mashavu. Ukimwona utafurahi.

Mimi ndiye sina raha. Akichelewa kidogo tu, nakwenda kusimama dirishani. Akinisalimia, namnusa kwanza ndipo naitikia. Nimekuwa mbwa wa polisi ndani ya nyumba yangu, na yeye anajua, tena siku nyingine ananisogezea mdomo makusudi ili ninuse vizuri. Tunacheka, lakini moyoni naogopa.

Hospitali waliitoa pombe mwilini mwake, na hiyo haikuchukua muda. Kazi kubwa ni kuzuia asiirudie. Kila wiki anakwenda Don Mills kwenye kikundi cha watu wenye shida kama yake. Wanafundishwa kuvijua vitu vinavyomvuta kila mmoja, iwe mahali, au hasira, au hata furaha. Yeye aligundua ni lile duka la pombe lililo karibu na kituo chetu cha basi, kwa hiyo siku hizi anashukia kituo cha mbele na kurudi kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Wanafundishwa pia kwamba hamu ikija haikai, mtu akimpigia mwenzake simu au akitoka hapo alipo, inapita. Na wanafanya mazoezi ya kumkatalia anayewapa kinywaji.

Hapo kwenye mazoezi ndipo nilipopata hofu niliyo nayo.

Majuzi ilikuwa siku ya familia, nami nikaenda. Mshauri wao anaitwa Naeem, kijana mpole ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Yeye amezaliwa huku, Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake, na tangu azaliwe nadhani hajawahi kummiminia mtu pombe. Alijua kwamba Desemba tunakuja kwenye kipaimara cha Aneth, na kwamba pombe ya mbege itapikwa, kwa hiyo akataka Tumsifu afanye mazoezi. Akashika kikombe cha maji, akajifanya ni wewe, akasema, "Karibu, kaka." Tumsifu akasema asante, mimi niliacha. Naeem akasema sawa, akarudisha kikombe mezani, na kikundi kizima kikapiga makofi.

Shemeji, nilicheka mpaka nikaona haya. Naeem akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kwamba kwetu hakuna mtu anayelipokea jibu la kwanza. Anayekataa mara moja anaonekana ana adabu tu, na atabembelezwa. Na kata ya mbege, kile kibuyu tunachonywea wote kwa zamu, haisogezwi mezani kama soda. Mwenyeji anaionja kwanza ndipo anampa mgeni, kwa hiyo ukiikataa umemkataa yeye aliyeionja. Naeem alinisikiliza vizuri, kisha akaniomba niwaonyeshe.

Basi nikawaonyesha. Nilionja yale maji, nikapangusa ukingo wa kikombe kwa kiganja, nikakinyoosha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko. Nikaigiza sauti yako, "Mdogo wangu, ndiyo umetusahau hivyo?"

Tumsifu akasimama. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Akanirudishia kikombe na kusema, "Asante, kaka."

Yalikuwa maji ya bomba. Lakini hakuna aliyepiga makofi, na yeye mwenyewe alipogundua alichofanya, alikaa akafunika uso.

Naeem hakumlaumu. Alisema ni heri limetokea hapo na maji kuliko huko na pombe. Akamuuliza kule nyumbani anaweza kumkatalia nani. Tumsifu akasema wenzake wa rika anaweza, wajomba anaweza, hata mama anaweza, maana mama atalia tu halafu yataisha. Wewe hakukutaja. Tulipokuwa kwenye basi ndipo aliponiambia, akitazama dirishani, "Kaka Japhet akinipa, nitakunywa."

Shemeji, kwake hakuna kidogo. Funda moja tu, na huyu mtu niliyempata tena nitampoteza, na sijui kama nitakuwa na nguvu za kumtafuta mara ya pili.

Kwa hiyo nakuomba. Siku ya kipaimara, zamu ya Tumsifu ikifika, onja kama ulivyozoea, kisha mpe anayemfuata na uendelee na mazungumzo. Usitangaze, usimtafutie soda kwa maneno mengi mbele za watu. Wakisema mke kamkalia kichwani, waache waseme, hilo nitalibeba. Kama utaona ni vigumu, niambie kabla ya Desemba. Nitabaki naye huku, na mtaniona mbaya, lakini nitambakiza.

Nisalimie mama mkwe, Mama Aneth, na Aneth mwenyewe, mwambie gauni lake la kipaimara nimeshalinunua na asinenepe. Mungu awatunze nyote hapo Machame, akupe wewe neno la hekima mbele ya wazee.

Tumsifu anajua nimekuandikia. Nilimwomba aongeze salamu zake hapa chini. Alishika kalamu, akairudisha, akasema nikwambie wewe ndiye uliyemlea, na hajui kukwambia hapana.

Mimi shemeji yako, ninayekupenda, na mwaka huu ninayekuogopa,

Benedicta