Mabasi Yanayovuja na Sahihi ya Mjomba Wako

Nyumba ya nyuma ya gereji ya mabasi,
Ijumaa, 14 Juni, saa kumi alasiri.

Mpendwa mke mwenzangu,

U hali gani huko masomoni kwenye baridi? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kuniambia ni mafua tu? Unakula? Usinijibu "nakula, bibi" tu, kama unavyomjibu mama yako "nakula, mama." Niambie unakula nini. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikiinuka, la kulia nikikaa, basi nimeyapangia zamu. Mama yako hajambo, bado anaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

Mwandiko huu ni wa jirani yetu, fundi cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, halafu ananisomea kila mstari. Nimemwonya akiyapamba maneno yangu nitahamishia nguo zangu kwa fundi mwingine. Hilo nalo ameliandika.

Nimekaa mlangoni, macho yangu yako kwenye geti la gereji. Mjomba wako ameitwa na meneja tangu saa nane akatie sahihi. Akitia, kazi ipo. Asipotia, kazi hana, na nyumba hii ina watu saba wanaokula kwa spana yake.

Unakumbuka mlivyogombana mwaka jana kwenye simu. Ulimwambia mabasi ya gesi kweli hayatoi moshi, lakini gesi yenyewe, hiyo methani yako, ikichomoka kwenye mabomba kabla ya kuungua inaipasha dunia joto kuliko huo moshi tulioukimbia. Akasema, "Kitoto nilichokibeba mgongoni kinanifundisha kazi." Hajakupigia tena. Nami nilikuwa upande wake, nisikufiche. Nilisema baridi imekuingia kichwani.

Sasa mwezi huu wamekuja wapimaji wawili wa gesi, mwanamke na mwanamume, na kifaa kama pasi yenye mrija. Walipita nyuma ya kila basi pale stendi, kifaa kinalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Mabasi kumi na moja, yanayovuja tisa. Wakataka kadi za ukaguzi. Kadi hizo anazijaza mjomba wako: kila wiki hupaka maji ya sabuni kwenye viungio vya mabomba, na povu likivimba, hapo panavuja. Kadi zake zote zinasema salama. Alirudi nyumbani anaapa kwamba kifaa chao ndicho kibovu.

Mimi nimefua nguo za watu miaka arobaini. Herufi sizijui, sabuni naijua. Nikamwuliza, "Unapaka saa ngapi?"

"Jioni, mabasi yakirudi. Asubuhi yakishajazwa gesi yanaondoka, hakuna nafasi."

"Na jioni mtungi una nini ndani?"

"Mabaki, mama."

"Sasa mabaki yatalisukuma povu kwa nguvu gani, baba?"

Akainama kufungua kamba za viatu. Na harufu nilikuwa naisikia siku nyingi kwenye ovaroli zake, kama yai viza. Nikiuliza, naambiwa ni harufu ya kazi. Pua zao zote zimeshaizoea.

Jumatano asubuhi nikabeba beseni langu na brashi, nikamfuata hadi gerejini. Mafundi wenzake wakaangua kicheko. "Bibi, leo unafua basi?" Nikawaambia, "Nafua akili zenu, sogeeni huko." Basi la kwanza lilikuwa limetoka kujazwa. Nikapaka. Povu likafura kwenye kiungio kama maziwa yanayochemka, likapasuka, likafura tena. Basi la pili vile vile. Hakuna aliyecheka tena. Mjomba wako alikuwa ameegemea gurudumu kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Meneja naye ametengeneza kadi mpya za miezi sita nyuma, zimekwisha kuandikwa kwamba mabasi yalipimwa mitungi ikiwa imejaa. Anachotaka ni sahihi tu, kabla wapimaji hawajarudi Jumatatu. Ikitiwa, viungio vitabaki vile vile, na abiria watabaki wamekalia hiyo mitungi.

Leo asubuhi mjomba wako aliniuliza, "Mama, nifanye nini?" Unanijua, sikosi jibu hata kwa nisiloulizwa. Nilikuwa nakunja ovaroli yake. Nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nilimfikiria mkewe na mimba yake ya miezi minane. Akaondoka mikono mitupu.

Geti limefunguka. Siyo yeye, ni muuza maji. Mkwe wangu amekuja mara tatu kuniuliza saa, wakati saa iko ukutani chumbani kwake.

Barua niliisimamisha. Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, mjomba wako amerudi. Nilimwona kwa mbali na sanduku la spana begani, nikajua. Kadi za meneja hakuzitia sahihi. Alizigeuza, akaandika nyuma ya kila moja kwamba alipima jioni, mitungi ikiwa karibu tupu, na kosa ni lake. Hapo ndipo alipotia sahihi. Meneja akamnyang'anya funguo za gereji papo hapo, kazi ikaishia hapo.

Mkewe amelia kidogo, kisha akaenda kumpashia maji ya kuoga. Mimi nilimwambia, "Umechelewa, chakula kimepoa," maana ningesema neno jingine lolote ningelia mbele ya fundi cherehani, naye angeliandika.

Jumatatu tutaamkaje, sijui. Yeye anasema atakwenda stendi kuwaonyesha wapimaji kila kiungio kwa mkono wake, kazi au bila kazi. Amenituma nikuulize kile kifaa kinanasaje uvujaji mdogo ambao sabuni haiuoni. Anataka kujua kabla ya siku hiyo.

Kwa hiyo barua ikikufikia au isikufikie, mimi leo hii namwomba fundi akutumie na ujumbe wa simu. Mpigie mjomba wako, mimi niache. Mweleze polepole, kama fundi kwa fundi mwenzake. Na usimwambie "nilikuambia," mwanangu. Hayo ameshajiambia mwenyewe njia nzima, na sanduku lile ni zito.

Mama yako anakusalimu, mke wa mjomba wako anakusalimu na tumbo lake, fundi cherehani naye kajiingiza humu. Mungu akufunike kwa blanketi zito kuliko ulilonalo, akuepushe na kikohozi na watu wa maneno matamu.

Ni mimi nikupendaye kwa ukali,
Bibi yako.