Ng'ombe wa Mtihani wa Babu

Getruda, uko? Nimempigia babu Eustace kumwambia nimefeli mtihani wa upasuaji wa mizoga. Nilijua atanifokea. Hakunifokea. Kaniambia kitu ambacho hata bibi hajawahi kukisikia.

Si unajua babu alisomea udaktari wa mifugo hapo Tabora, miaka ya vijiji vya Ujamaa? Siku ya mtihani wao waliletewa ng'ombe mgonjwa kutoka zizi la kijiji, kule Ziba. Akachinjwa, wanafunzi wampasue na kuutaja ugonjwa.

Zamu ya babu ikafika. Akaona sikio lililochanwa na fisi. Akamjua.

Ng'ombe wao, Getruda. Yule aliyekuwa akimkamua utotoni, kabla mifugo yao haijaingizwa kwenye zizi la kijiji.

Ng'ombe wao kabisa.

Msimamizi akamuuliza, "Mbona umesimama? Huujui ugonjwa?"

Babu akasema, "Naujua. Ni ndigana."

Akashika kisu, akapasua, akaonyesha tezi zilizovimba na mapafu yaliyojaa maji. Anasema hakusikia uchungu wala nini, kama anamtazama mtu mwingine akikata.

Akawa wa kwanza darasani.

Aliporudi nyumbani likizo, baba yake akamuuliza, "Yule ng'ombe wetu walisema wanampeleka chuoni kwenu mkamtibu. Anaendeleaje?"

Babu akajibu, "Alikufa, baba. Nilimwona mwenyewe. Ilikuwa ndigana."

Mzee akasema, "Basi. Ningejua wewe ndiye uliyekuwa ukimtibu, nisingekuwa na wasiwasi."

Babu akaitikia, "Ndiyo, baba."