Wimbo wa Upande wa Baba Yako

Buswelu, Mwanza
Jumapili, wenyewe wako kanisani

Mke wangu Mama Mabula,

Nakusalimu wewe uliyebaki na ng'ombe, mbwa na mama yako. Naamini nyote mko wazima, na kama kuna anayekohoa, basi asiwe ng'ombe. Mimi mdomo ni mzima, hilo ulishalijua. Mkono wa kulia umerudi, ndio huu unaandika kama kuku anayeparua. Mguu ndio bado unajifanya mgeni.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya hapa inawekwa sauti kubwa sebuleni ili watoto wamsikie bibi yao, na haya mambo si ya watoto. Tena wewe ulifika darasa la saba, mimi la nne, kwa hiyo soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Nyumba ya mwanao ni nzuri, ina marumaru hadi chooni. Ila ikifika saa moja asubuhi Mabula ameondoka, watoto wameondoka, nabaki na mkamwana wako. Ananiheshimu hadi naumia. Anaweka chai, anapiga goti, anaingia jikoni na kufunga mlango, maana mke wa mtoto hakai na baba mkwe. Mtu akikuheshimu namna hiyo, Mama Mabula, huna hata wa kumtania. Juzi nilimtania jogoo wa jirani kupitia ukuta. Hakujibu.

Sasa habari za mguu. Baada ya kile kiharusi hospitali walinipa mazoezi na vidonge vya presha, navyo nameza. Mguu ukawa unasimama lakini hauendi. Nikitaka kupiga hatua unaganda kama ng'ombe aliyeona daraja. Mtaalamu wa mazoezi akamwambia Mabula kuna tiba ya muziki, aiulizie. Tukatoka tukaiulizia mjini. Mtu wa kwanza akatuelekeza kwa mchungaji mwenye spika kubwa. Wa pili akatupeleka Usagara kwa bwana mmoja mwenye ngoma tatu na kuku mweusi, akaniuliza pepo wangu anaitwa nani. Nikamwambia sina pepo, nina mguu. Mwisho tukarudi kwa yule yule mtaalamu wa kwanza. Kumbe tiba yenyewe iko chumba cha nyuma, jengo lake lile lile, Jumanne na Alhamisi. Tumezunguka kote huko kwa sababu baba na mtoto wote waliona aibu kuuliza mara ya pili.

Anayeifanya ni binti wa Bukoba, tunamwita Mwalimu Koku. Aliniambia kabla hatujaanza, "Babu, wimbo hauponyi. Mguu wako umesahau ni wakati gani uinuke. Ngoma inaukumbusha, mazoezi yanafanya kazi iliyobaki."

Akaniuliza napenda nyimbo gani. Unanijua. Nikataja za upande wetu, nikamweleza jinsi baada ya mavuno pande mbili za ngoma, wetu na wa baba yako, zilivyokuwa zinashindana uwanjani kuvuta watazamaji, na watu wote wakaja kwangu, baba yako na wenzake wakabaki kuwachezea mbuzi. Akazipiga hizo nyimbo. Mabega yakacheza, mikono ikacheza, mguu ukakaa. Nilikaribia kuanguka kwa majivuno. Wiki tatu hivyo. Mwalimu akasema tujaribu wimbo wa polepole, labda wa kulimia. Nikamwambia sijui wowote.

Nilidanganya, na sasa nakuambia wewe. Ule mwaka wa pamba nyingi ulikuwa unapalilia mwisho wa shamba, ukidhani nimekwenda mnadani. Ulikuwa unaimba ule wimbo wa jembe wa upande wa baba yako, niliokukataza kuuimba kwenye mji wangu tangu siku nilipokuoa. Nilisimama nyuma ya mikonge hadi ukafika mwisho wa tuta. Kisha nikarudi nyuma, nikaja tena nikikohoa kwa nguvu, ili unyamaze mwenyewe nisilazimike kukugombeza.

Alhamisi iliyopita nikamwimbia Mwalimu wimbo huo. Akaupokea kwa kugonga ubao. Jembe likiinuka, mguu ukainuka. Jembe likishuka, mguu ukashuka. Nikafika mlangoni, nikageuka, nikarudi. Mwalimu akauliza mbona nalia na nimetembea. Nikamwambia ni vumbi. Chumba chenyewe kilikuwa kimetoka kupigwa deki.

Lakini akasema, "Nyumbani apatikane wa kukuimbia kila siku, hadi mguu uushike. La sivyo utaganda tena." Hapa hakuna anayeujua. Mkamwana ni Mjita, si wa kabila letu, halafu ni mkwe. Nikijiimbia, pumzi inakatika kabla ya kona. Wanaoujua ni wewe na kaka yako, na kuliko kaka yako heri nitambae.

Miaka arobaini na mmoja nimekuziba mdomo kwa ajili ya ushindi wa uwanjani ambao hata mbuzi wameshausahau. Nakuomba uniimbie. Usinijibu kwa simu. Mabula atanivusha kwa kivuko Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, uje unipokee. Nikifika ng'ambo hapo Kamanga nikakuta umenyamaza, sitakulaumu, nitarudi na kivuko hicho hicho nikaendelee na jogoo wangu.

Nisalimie mama yako, mkwe wangu anayeomba mimi nitangulie. Nisalimie jirani yetu Mzee Shija anayetuchungia ng'ombe, mwambie asiwazoeze kusikiliza redio. Na kaka yako Masanja, mpiga ngoma wa wale tuliowashinda, mwambie nipo. Usimwambie mguu unatembea kwa wimbo wa nani.

Kivuko kikishusha mlango wake wa chuma, watu watataka kunishika mkono. Wazuie, na wewe usinishike. Simama pale juu, uanze kuimba, mimi nitakuja.

Ni mimi mkorofi wako,
Baba Mabula