Mpunga wa Mado na visu vilivyong'aa

Jumanne, mwezi wa tano. Baridi ya asubuhi, jua kali tangu saa nne, vumbi la malori ya shaba hadi kwenye majani ya mihogo.

Leo nimevuna. Niseme kweli: leo nimejaribu kuvuna.

Mpunga huu aliupanda mke wangu, Mado, mvua za kwanza zilipokolea. Hakuuona ukitoa masuke. Sasa umekauka kupita kiasi. Ukiugusa, punje zinadondoka. Siku mbili tatu zaidi na wote utakuwa wa ndege.

Mimi nilikuwa karani wa stesheni. Shamba lilikuwa lake, na mashine ya kuvuna pia, ile ndogo ya kusukuma kwa mikono miwili. Aliiwasha akiwa amefunga kitenge kiunoni, na kabla ya kuvuta kamba aliligonga tangi mara moja kwa kiganja, kama anayebisha hodi.

Nami nililigonga. Ikawaka. Lakini haikukata. Mabua yalilala mbele yake, mengine yakatafunwa, mengine yakang'oka na mizizi.

Nilikaza mkanda. Hapana. Nikapunguza mwendo, maana nilikumbuka Mado alitembea nyuma yake polepole kama mtu anayesindikiza mgeni. Hapana. Nikatoa majani yaliyokwama kwenye vidole vya chuma, nikanyoosha kimoja kilichopinda. Bado.

Mama Kalenga, jirani wa shamba, alikuja na jembe begani. Yeye na Mado walisaidiana kuvuna kila mwaka, nami huniita Tata, yaani baba.

"Tata, hii mashini iko inavuna ao iko inapiga mupunga fimbo?"

Nikamwambia visu vya mashine haviwezi kuwa tatizo, nilivinoa vyote wiki iliyopita. Nilivipeleka mgodini Mutoshi, kwa fundi anayenoa patasi za wachimbaji. Alivisaga pande zote mbili mpaka vikang'aa kama kioo. Nilifurahi sana siku ile. Nilivifunga katika leso ya Mado, nikavitia mfukoni.

Mama Kalenga aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya kisu kimoja.

"Meno iko wapi?"

"Meno gani?"

"Yesu wangu! Mado hakukuwa ananoa hii bisu hata siku moja. Ikichoka, anabadilisha. Weye umeipeleka kwa bantu ya mawe!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akasema polepole, "Pole, Tata."

Kumbe visu hivi huwa na mikato midogo ukingoni, ya kushika bua lisiteleze. Bua la mpunga ni laini. Kisu kilicholainishwa kama kioo hulisukuma tu. Hapa kwetu kila chuma kinanolewa kwa ajili ya mwamba, nami sikuwaza zaidi ya hapo.

Vilikuwa visu vya mwisho alivyovifunga Mado kwa mikono yake. Nilitaka viwe vizuri.

Nilirudi nyumbani kwa baiskeli, nikafungua sanduku lake la vifaa, ambalo sikuwa nimelifungua tangu kilio chake. Chini kabisa kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye visu alivyovitoa miaka iliyopita. Vimechakaa, vina kutu, lakini vingi bado vina meno. Mado hakutupa kitu. Nilikuwa nikimtania kwa hilo.

Nikalirudisha kopo shambani, na mimi na Mama Kalenga tukachagua vilivyo bora, tukavisugua kwa mafuta, tukavifunga kimoja kimoja. Mashine ikakata. Si kama zamani, lakini mpunga uliangukia upande mmoja, safi, na ile harufu ya bua lililokatwa ikanijia puani, harufu ya shingo ya Mado jioni za mwezi wa tano.

Kufikia saa kumi kilibaki kipande kidogo karibu na kijito. Nikazima injini. Nikamwambia Mama Kalenga mashine imepata moto.

Akaweka mkono juu ya injini, akauacha pale.

"Moto haiko kwa mashini, Tata. Lakini ndege habana kilio, batakula tu. Usikawie."

Alijua. Nikikata kile kipande, hakuna tena kitu alichokipanda Mado kitakachokuwa kimesimama.

Hiyo ndiyo sababu, naiandika hapa kwa kuwa sikuweza kuitamka.

Umande ukikauka asubuhi, nitaligonga tangi, nitavuta kamba. Nitakwenda polepole.