Daftari la wageni wa meli

Jumamosi, Kanazi

Na huu mwandiko wangu mzuri ndio umemponza Yosefina.

Nilijitapa kwamba meli zote za ziwa nazijua. Yosefina, mkimbizi Mrundi wa kambi ya Lukole anayenilimia migomba, akaniomba nimpeleke kwenye ile meli kuukuu iliyofanywa makumbusho. Marehemu baba yake alikuwa akitia kuni kwenye tanuru la meli hiyo. Kibali cha kutoka kambini hana. Nikamwambia, "Dada, wakiuliza, wewe ni mdogo wangu wa kijijini Murukulazo." Mlangoni nikasema hivyo hivyo.

Aliushika mlango wa tanuru kwa viganja vyote viwili. Mimi nilikuwa juu sitahani nawachekesha watu.

Wakati wa kutoka tukapewa daftari la wageni. Nikaliwahi, mwandiko wote niliofunzwa darasa la tano ukanijia mkononi. Nikaandika jina lake kwa madoido, na penye "Unatoka wapi" nikaandika Lukole.

Askari wa mlangoni akasoma. "Mzee, huyu si mdogo wako."

"Afande, nimekosea tu..."

"Hujakosea. Umeandika vizuri sana."

Yuko kituoni. Wanasema Jumatatu anarudishwa Burundi.

Nimewachukua binti zake wawili, wako hapa kwangu. Mkubwa ameuliza kama mama ameiona meli. Nikamwambia ameiona. Akauliza mbona hajarudi, na mimi nikamwambia nilikosea kuandika.