Kiti cha Nyuma cha Pikipiki Yako

Baba,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba barua ya Kiswahili huanza kwa kuulizana hali, na ya Kiingereza huweza kuanza na habari za mvua. Hali yako siwezi kuuliza. Mvua ilikata juzi, basi na tuanzie hapo.

Unanijua. Mbele ya watu sauti hunikimbia. Ulipokuwa hai, jambo zito niliandika kwenye karatasi nikaisukuma chini ya sahani yako ya chakula, nawe ukasoma huku unacheka. Hili halina sahani.

Mama hajambo. Yumo ndani, eda yake bado. Alinituma nikivalishe upya kiti cha nyuma cha pikipiki, kwa kuwa ngozi imepasuka na panya wameanza kuchomoa makumbi ya nazi yaliyomo. Mjomba Kondo, kaka yake, amejifunza kuiendesha. Mama akasema, "Nikitoka eda kaka yangu atanipakiza mpaka Mzenga, nikamwone mama. Springi zimekufa, najua. Nitakalia hivyo hivyo. Pikipiki ya mume wangu mimi naijua mgongo tu." Akacheka kidogo. Tangu uondoke sikuwa nimemsikia akicheka.

Nilifurahi kupata kazi ya mikono. Nikakaa uani na sindano kubwa ya shazia, uzi wa katani na kipande cha turubai nilichopewa na fundi viatu. Mjomba akafungua nati, akaniwekea kiti mapajani.

Baba, ile ngozi ililika upande mmoja. Kushoto ilikuwa laini, inang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Kulia ilikuwa bado na vipele vyake vya dukani. Gunia la ufuta ulilokuwa ukilifuata Kwala hulala katikati. Mwanamume hupanua miguu. Anayekaa kiubavu, miguu yote kushoto, ni mwanamke aliyejifunga buibui. Na pale ilipopasuka palikuwa pamezibwa kwa ukindu, kwa mshono wa mkeka. Mama hajui kushona mkeka. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimtania kwa hilo.

Nikakata ngozi, nikatoa makumbi. Springi zilikuwa nzima. Zote. Zimepakwa mafuta.

Mjomba akazibonyeza kwa kiganja. "Nani kasema zimekufa? Hizi zinambeba mama yako na kapu la mihogo juu!" Akaenda kunawa mikono, na kwa siku ile hakurudi tena uani.

Nani kasema? Wewe. "Kiti hiki hakibebi mtu, springi zimekufa." Nilipojifunza kwamba neno hilo kwa Kiingereza ni chemchemi pia, nilikuja mbio kukuambia, ukasema, "Basi hii yetu imekauka, mwanangu." Nilicheka, nikawapelekea wenzangu mzaha huo darasani.

Na ile siku Mama alipoota jipu la mguu, tukampeleka zahanati ya Kisarawe! Alikwenda akichechemea, ameegemea bega langu. Wewe ulizima injini ukaisukuma pikipiki, ukatembea nasi njia nzima, jasho linakutiririka. Watu barabarani wakasema, tazameni mume yule, hakubali kupanda ilhali mkewe yuko chini. Niliandika insha juu ya siku hiyo, kwa Kiingereza. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Mimi niliinamisha kichwa, naona haya, lakini moyoni nilikuwa mrefu kama mnazi. Baba yangu, nilisema. Baba yangu.

Kumbe ulikuwa unasukuma kiti kizima.

Ndipo nikamkumbuka mtani. Siku ya hitima yako, Mama Tabu, mtani wetu Mnyamwezi, aliikuta pikipiki imeegeshwa uani, akapanda kiti cha nyuma, akakaa kiubavu, akajitanda kanga, akapiga kelele: "Taratibu, bwana wee! Ukinimwaga Mlandizi, Kwala nitafika na nani?" Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, Baba. Nilidhani ni mzaha wa watani, kwani wao msibani husema lolote. Shangazi, dada yako, peke yake hakucheka. "Mpeni wali ashuke huyo," akasema. "Mdomo wake una njaa." Mama aliita kutoka chumbani, wanacheka nini? Nikamjibu, watani tu, Mama.

Walijua. Ua mzima ulijua, isipokuwa aliyekuwa chumbani na aliyemjibu.

Nilimwendea Shangazi na ile ngozi mkononi. Nikaiweka mbele yake. Aliitazama upande uliolika, akajua nimekuja kwa lipi.

"Ni mkewe," akasema. "Alimwoa kwa shekhe, mashahidi wawili. Yeye naye anakaa eda, huko huko Kwala."

"Na Mama?"

"Mama yako ameshatoa radhi, Zena. Ukilifukua hilo, unamfukua ndugu yangu."

Hukusikia, kwa hiyo nikusimulie. Kabla hujatolewa nyumbani, Shangazi aliingia chumbani, akamuuliza Mama kama wajane wote wanavyoulizwa: "Umempa radhi mumeo?" Mama akasema, "Nimempa, duniani na akhera. Hajanificha kitu." Hayo ya mwisho hakuulizwa. Aliyatoa mwenyewe, kama zawadi. Na dada yako aliyapokea huku anajua. Kisha nikaulizwa mimi, nikasema nimekupa, kwa sauti ndogo, mpaka wakaniambia nirudie.

Sikulaumu kwa kuoa, Baba. Kwenye chuo cha Kurani tumesoma, ni halali yako. Hata huyo wa Kwala simchukii. Najua sasa kwamba alikushonea kiti chako kwa mkono wake, na mkono wake ni mzuri. Nimefikiri sana kwa nini ulisema uongo juu ya springi, na nadhani nimejua. Ungempakiza Mama leo, kesho angekuambia twende wote Kwala, nikaone unakolala. Basi ukaona afadhali atembee. Hata kwa jipu.

Hilo ndilo linalonikaba. Mama angeweza kumjua mke mwenzake, akanuna, akazoea. Wanawake wangapi wamezoea! Wewe ulimnyima hata kununa.

Nimekimaliza kiti. Turubai limekaa, limenyooka, Mjomba amekifunga mahali pake. Mama alichungulia mlangoni akasema, "Mwanangu ana mikono!" Nikakimbilia jikoni, nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Nikinyamaza, nimekuwa mwenzako. Nikisema, huenda akaichukua tena radhi yake, nawe huko uliko huna wa kukutetea. Nimelala na hilo, nimeamka nalo, nimelipeleka kwenye swala na kurudi nalo.

Nimeamua. Siku Mama atakayotoka eda, kabla hajapanda, nitamwambia. Kwa mdomo, Baba, si kwa karatasi. Sauti ikikimbia nitaifuata. Labda atalia. Labda atamwambia Mjomba ageuze, ampeleke Kwala badala ya Mzenga. Labda atasema, sikumpa, nilidanganywa. Chochote atakachosema nitakuwa ubavuni pake. Lakini akikupa radhi siku hiyo, atakuwa anajua anakupa kwa lipi, na mimi naamini hiyo ndiyo itakayokufaa mbele ya Mola wako. Ile ya kwanza ulimwibia.

Dua zangu sijakukatia, kila swala umo. Radhi yangu ndiyo naishikilia, mpaka nisikie yake.

Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Zena